Kabla ya Kushuka Dar: Namna Kazi ya Meli za Msaada Inavyoendeshwa

Mtu aliyefuatilia habari za mwaka 2025 akiwa Mbeya, Iringa au Njombe aliona boti zenye bendera za kila rangi zikielekea Gaza, zikakamatwa, na waliomo wakarudishwa makwao. Kama ana moyo wa kusaidia na taaluma mkononi, huenda alijiuliza nani huwachukua watu wale, wanalipwa na nani, na yeye akitaka kwenda aanzie wapi. Jibu halipo moja, kwa sababu vyombo hivi viko vya aina tatu. Kuna meli ya hospitali, inayokaa gatini ikipasua wagonjwa. Kuna meli ya uokoaji, inayozunguka Mediterania ikitafuta boti zinazozama. Kuna na msafara wa kuvunja zuio la baharini, unaobeba shehena ndogo na madai makubwa ya kisiasa. Sheria zake ni tofauti, fedha zake ni tofauti, na muuguzi anayetafutwa kwa udi na uvumba kwenye aina ya kwanza anaweza kukosa kazi kabisa kwenye ya tatu.

Kwa hiyo, kabla ya kuulizana habari za ujasiri, mwombaji ajiulize mikono yake itafanya nini humo ndani. Chombo cha baharini kina vitanda vya kuhesabika. Kila kitanda anapewa mwenye kazi.

Hospitali iliyofungwa gatini

Shirika linalojulikana zaidi katika kundi la kwanza ni Mercy Ships, la Kikristo, lililoanza 1978. Lina meli mbili. Africa Mercy ilikuwa feri ya kuvushia treni huko Denmark, ikageuzwa hospitali na kuanza kazi 2007. Global Mercy, yenye urefu wa mita 174 na vyumba 6 vya upasuaji, ilijengwa tangu mwanzo iwe hospitali, na shirika lilikabidhiwa mwaka 2021. Senegal, Sierra Leone na Madagascar ni kati ya nchi zilizozipokea miaka ya karibuni.

Anayejiunga akidhani atasafiri baharini atashangaa. Meli hufunga gati kwenye bandari moja kwa miezi kama kumi, ndipo huondoka kwenda matengenezo. Wanaoijua bahari hasa ni mabaharia na mafundi injini. Muuguzi anaweza kumaliza muda wake wote asione meli ikisogea hata mita moja.

Jambo la pili linalowashangaza wengi ni kwamba anayejitolea ndiye anayelipa. Karibu watu wote wa melini, kuanzia daktari wa usingizi hadi anayefua mashuka, hawana mshahara. Hugharamia nauli na bima, na kila mwezi hutoa mchango wa chakula na malazi. Ukimwona Mzungu amekaa melini miaka miwili, nyuma yake kuna kanisa au marafiki wanaomchangia. Kwetu, ambako kamati za harusi hazikauki, kuchangisha si jambo geni. Ugumu ni kwamba kamati ya harusi inavunjwa siku ya sherehe, ilhali hii inatakiwa iendelee kuchanga mwezi hadi mwezi wakati mchangiwa haonekani mtaani. Asiyepanga hilo mapema hukatisha muda wake na kuacha zamu wazi.

Upasuaji unaofanyika ni ule ambao mgonjwa angeweza kuishi na tatizo miaka mingi bila kupata daktari: midomo iliyopasuka, uvimbe mkubwa wa taya na shingo, mtoto wa jicho, miguu ya watoto iliyopinda, makovu ya moto yaliyokunja viungo, fistula. Wagonjwa huchaguliwa mapema. Hapo ndipo ilipo kazi ngumu kuliko zote, nayo haiko kwenye chumba cha upasuaji. Muuguzi wa uchaguzi humwambia mtu aliyesafiri siku mbili kwamba uvimbe wake hautapasuliwa, kwa sababu ni saratani iliyokwisha kuenea, au kwa sababu atahitaji matibabu ya miaka ambayo meli haitakuwepo kuyatoa.

Damu nayo ina utaratibu wake. Wafanyakazi wenyewe ndio benki. Makundi yao ya damu yanajulikana, na upasuaji ukihitaji chupa za ziada usiku wa manane, fundi bomba au mwalimu wa shule ya watoto wa melini huamshwa akatoe.

Kalenda ndiyo inayoharibu kazi mara nyingi. Mtoto aliyenyooshwa miguu anahitaji plasta na mazoezi kwa miezi kadhaa, hivyo upasuaji wa aina hiyo hufungwa mapema zaidi kuliko mwingine, na wiki za mwisho huwa za kufunga vidonda na kukabidhi wagonjwa kwa hospitali za nchi husika. Ndiyo maana mtaalamu wa fiziotherapia anayeweza kukaa muda mrefu ni lulu, hata kama kwenye matangazo madaktari wa upasuaji ndio wanaotajwa kwanza.

Boti ya mpira haikaribiwi kwa ubavu

Tarehe 3 Oktoba 2013 boti ilizama karibu kabisa na kisiwa cha Lampedusa, Italia, wakafa watu 368, wengi wao Waeritrea. Italia ikaanzisha operesheni ya jeshi la majini iliyoitwa Mare Nostrum, ikaifunga baada ya mwaka mmoja. Pengo hilo ndilo lililozaa meli za kiraia. SOS Méditerranée ilianzishwa 2015, ikaendesha meli ya Aquarius tangu 2016, kisha Ocean Viking tangu 2019. Sea-Watch ya Ujerumani ina vyombo vyake. Madaktari Wasio na Mipaka waliendesha Geo Barents hadi Desemba 2024, wakasitisha wakilalamikia sheria za Italia. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji limehesabu zaidi ya watu 30,000 waliokufa au kupotea Mediterania tangu 2014.

Melini huwa na watu wapatao 30. Nahodha, wasaidizi wake, mafundi injini na mabaharia wa sitaha huajiriwa na kulipwa kama kwenye meli yoyote. Timu ya uokoaji huendesha boti ndogo za mwendo kasi. Timu ya tiba ina daktari, wauguzi na mkunga. Wapo pia mpishi, mtu wa stoo, na mpatanishi wa lugha, ambaye umuhimu wake hauonekani hadi siku ya tukio. Kiswahili hakina matumizi makubwa kwenye njia hii, kwa kuwa wanaovuka wengi hutoka Bangladesh, Misri, Syria, Pakistan, Sudan, Eritrea na Afrika Magharibi. Mtanzania aliyesoma udaktari Khartoum na kurudi na Kiarabu cha mtaani ana nafasi kubwa kuliko mwenzake mwenye vyeti vizuri zaidi na Kiingereza peke yake.

Muda mwingi ni wa kungoja na kutazama. Watu hupeana zamu za darubini tangu alfajiri hadi giza liingie. Taarifa nyingine huletwa na ndege ndogo za upelelezi za mashirika, au na Alarm Phone, simu ya dharura inayopokea wito kutoka kwenye boti zenyewe tangu 2014, au na redio kupitia chaneli 16. Kabla ya kushusha boti, nahodha huarifu vituo vya uratibu wa uokoaji na kuandika saa, mahali na majibu. Daftari hilo ndilo litakalosimama mahakamani baadaye, kwa hiyo halijazwi kwa kukumbukia jioni.

Mgeni anapaswa kulielewa tukio lenyewe hatua kwa hatua, maana makosa mengi yanayoua hutokea baada ya waokoaji kufika. Boti ya mpira iliyojaa watu mia moja ina sakafu ya mbao nyembamba na maboya mawili ya pembeni yaliyojazwa hewa. Watu wanapoona msaada husimama na kukimbilia upande wake. Uzito ukihama, sakafu hupasuka katikati au boti hupinduka. Ndiyo sababu meli kubwa hubaki mbali, na boti za uokoaji hutangulia mbili.

Ya kwanza huzunguka kwa mbali, taratibu, bila kutimua mawimbi. Mkuu wa boti huhesabu kwa makadirio: watu wangapi, watoto wangapi, maboya yamelegea kiasi gani, yuko aliyelala bila kujitikisa? Kisha mpatanishi husema kwa sauti isiyo na haraka: sisi ni waokoaji, hatuwarudishi Libya, kaeni chini, msisimame, kila mtu atapata jaketi, na kila mtu atachukuliwa. Sentensi ya kutorudishwa Libya haiachwi. Wapo walioruka majini kwa kudhani wanakamatwa. Baada ya watu kutulia ndipo boti husogea kwa upande wa tezi (nyuma) au omo (mbele), haiji ubavuni, na majaketi okozi hugawiwa kwanza. Hakuna anayehamishwa hadi kila mtu amevaa jaketi na kulifunga. Baadhi ya wasafiri huwa nayo yao waliyouziwa na wasafirishaji, yaliyojazwa sponji ya kufungashia bidhaa. Yakilowa hunyonya maji na kumvuta mvaaji chini, hivyo huvuliwa.

Wa kwanza kutolewa ni wagonjwa mahututi, kisha wanawake na watoto, ila baba hatenganishwi na mtoto wake pasipo sababu, kwa kuwa vurugu nyingi huanzia hapo. Watu kama 15 hadi 20 kwa safari, wakikaa chini sakafuni, hupelekwa meli kubwa, na boti ya pili hubaki ikiwaongelesha waliosalia. Hesabu hufanyika mara mbili: wakitoka kule, na wakipanda huku. Hesabu zikitofautiana, kazi haijaisha.

Boti ikipinduka, utaratibu hubadilika papo hapo. Hutupwa maboya marefu ya hewa ambayo makumi ya watu wanaweza kuyashika kwa pamoja, majaketi, na mashua za mpira za kujifungua zenyewe. Mwokoaji haruki majini ila kwa amri. Anayezama hushika chochote kilicho karibu, na watu watatu wakimshika mwokoaji mmoja, wanazama wanne.

Kisha kuna majeraha ambayo daktari wa Mbeya hajayaona wodini kwa sura hiyo. Petroli humwagika ndani ya boti na kuchanganyika na maji ya chumvi, na dimbwi hilo hukaa katikati, sehemu wanakokalishwa wanawake na watoto kwa kudhaniwa ni salama zaidi. Ngozi ya makalio, mapaja na miguu hubabuka polepole kwa saa nyingi, na mwenyewe anaweza asitambue hadi anapovuliwa nguo. Tiba ya kwanza ni kuvua nguo zote na kuosha kwa maji mengi yasiyo ya chumvi kwa muda mrefu, kabla ya krimu yoyote. Anayekosea humfunika mgonjwa blanketi akiwa bado na suruali iliyolowa petroli, na jeraha huendelea kuchimba. Mvuke wa petroli nao hulevya, na walio chini kabisa wanaweza kuzimia na kufa kwa kukosa hewa bila kugusa bahari.

Baridi inahitaji maelezo kidogo kwa watu wa nyanda za juu, ambao Juni na Julai huamka kwenye ukungu na kudhani wameizoea. Maji huondoa joto mwilini haraka mara 25 hivi kuliko hewa. Bahari ya nyuzi 15 za majira ya baridi ya Mediterania humfanya mtu ahemee juujuu bila kujizuia dakika za mwanzo, na hapo ndipo wengi hunywa maji. Baada ya muda usiofika nusu saa, vidole na mikono haviwezi tena kushika kamba. Ndiyo maana aliye majini hutupiwa kitanzi cha kupitisha kwapani. Kamba tupu haimsaidii.

Bendera, bandari na faini

Wajibu wa kuokoa upo kisheria. Kifungu cha 98 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, mkataba wa usalama baharini wa 1974, na ule wa utafutaji na uokoaji wa 1979 vyote vinamtaka nahodha amsaidie aliye hatarini baharini, na aliyeokolewa afikishwe mahali salama. Mabishano yako kwenye mambo mawili: mahali salama ni wapi, na nani anapanga.

Kila meli baharini ina bendera ya nchi iliyoisajili, na pasipo bendera haitoki bandarini. Mwaka 2018 Aquarius ilipoteza usajili wa Gibraltar, ukafuata wa Panama, na kazi yake ikaishia hapo, injini ikiwa nzima. Italia nayo, kwa sheria ya mwaka 2023, huitaka meli ielekee mara moja kwenye bandari iliyopangiwa baada ya uokoaji. Kukiuka kuna faini ya euro 10,000 hadi 50,000 na meli kuzuiwa siku 20. Bandari inayopangwa mara nyingi ni ya kaskazini, kama Ravenna, siku kadhaa za safari kutoka eneo la tukio. Mafuta huungua, na siku za kutazama bahari hupotea njiani.

Kwa anayejitolea, maana yake ni kwamba mkataba wa wiki sita unaweza kuwa wiki mbili za bahari na nne za kukwangua kutu na kupaka rangi gatini. Wapo waliovunjwa moyo na hilo kuliko na maiti.

Kesi pia zipo. Carola Rackete, nahodha wa Sea-Watch 3, alikamatwa Juni 2019 baada ya kuingia Lampedusa bila ruhusa, na Januari 2020 mahakama ya juu ya Italia ikaunga mkono kuachiwa kwake. Wafanyakazi wa Iuventa, meli nyingine ya uokoaji iliyokamatwa Agosti 2017, walisubiri hadi Aprili 2024 ndipo mashtaka yakafutwa. Karibu miaka saba. Mwenye ajira ya serikali na mkopo wa benki alipime hilo kabla ya kusaini.

Msafara wa Gaza ni kazi nyingine

Gaza imewekewa zuio tangu 2007. Agosti 2008 boti mbili ndogo zilifika zikitokea Cyprus. Mei 31, 2010 wanajeshi wa Israeli waliivamia meli ya Mavi Marmara kwenye bahari kuu. Tisa waliuawa, na wa kumi akafa 2014 kwa majeraha. Mwaka 2025 boti Madleen, yenye watu 12, iliondoka Catania Juni 1 na kukamatwa Juni 9. Handala ikafuata Julai. Msafara wa Global Sumud, wenye boti zaidi ya 40, ulianza Barcelona mwisho wa Agosti na kukamatwa mwanzoni mwa Oktoba. Mandla Mandela wa Afrika Kusini, mjukuu wa Nelson Mandela, alikuwa mmoja wa abiria wake.

Tuseme ukweli kuhusu shehena. Semitrela moja inayosubiri foleni Tunduma hubeba karibu tani 30. Kabla ya vita vya Oktoba 2023, malori kama 500 yaliingia Gaza kwa siku. Hata kila boti ya tanga kati ya hizo 40 ibebe tani moja ya unga na maziwa ya watoto, jumla haijai malori mawili. Waandaaji wanalijua hilo, na hawalifichi. Wanachopeleka ni macho ya dunia, na hoja kwamba zuio lenyewe ni batili. Anayetaka kulisha watu wengi kwa shilingi yake atafute njia nyingine. Anayeamini zuio halitaondoka bila kupingwa hadharani, hapa ndipo mahali pake. Ni chaguo halali, lakini asichanganye mahesabu ya hizi mbili.

Sheria inayobishaniwa ni ya vita vya baharini. Mwongozo wa San Remo wa 1994 unakubali kwamba nchi iliyo vitani inaweza kutangaza zuio, lakini unalikataza kama lengo lake pekee ni kuwatia raia njaa, na unaitaka nchi hiyo iruhusu chakula kupita pale raia wanapokosa, ikiwa na haki ya kukikagua. Baada ya tukio la 2010, jopo la Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa lilisema zuio ni halali ila nguvu iliyotumika ilizidi. Timu ya Baraza la Haki za Binadamu ikasema zuio lenyewe si halali. Vyombo viwili vya Umoja wa Mataifa, majibu mawili. Anayekuambia jambo hili limekwisha amuliwa, upande wowote awao, hajasoma ripoti zote mbili.

Maandalizi yake hayafanani na ya uokoaji. Kuna mafunzo ya kutotumia nguvu: mikono ionekane, kaa chini na jaketi okozi mwilini, usikimbie, usishike kitu chochote cha chuma hata kijiko, usimguse askari. Simu ya kila siku huachwa nyumbani, kwa kuwa ina namba za ndugu, picha na maongezi yasiyohusika. Hubebwa nyingine tupu, na kwenye misafara iliyopita watu walizitupa baharini chombo kilipozingirwa. Namba ya wakili huandikwa mwilini kwa kalamu isiyofutika.

Waliokamatwa hupelekwa bandari ya Ashdod na kuwekewa karatasi mbele. Anayekubali kuondoka husaini na anaweza kupandishwa ndege haraka. Anayekataa hubaki kizuizini, hufikishwa mbele ya jopo la uhamiaji, kisha hufukuzwa vilevile siku chache baadaye. Kwenye Madleen wanne walikubali, wanane wakakataa. Hakuna jibu sahihi kwa wote. Mwenye dawa za kisukari au presha aliamue kabla ya kuondoka, na dawa zake zifuatane na barua ya daktari kwa Kiingereza. Tanzania ina ubalozi Tel Aviv tangu 2018. Familia iwe na namba yake, na isisubiri habari za mitandaoni.

Humo botini maisha ni ya kubanana. Boti ya mita 12 hadi 15 hubeba watu wengi kuliko vitanda, maji ya kunywa yanapimwa, choo kinaziba kwa karatasi moja tu, na zamu za usukani huendelea usiku kucha. Asiyejua kufunga tanga, kupika kwenye jiko linaloyumba au kufungua pampu ni abiria. Abiria wakizidi, mabaharia wawili waliopo hawalali.

Karatasi, bwawa na Ziwa Nyasa

Kwa vyombo vyote vitatu, msingi wa anayetaka kuwa sehemu ya mabaharia ni kozi za awali za usalama kulingana na mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia. Hapa nchini hutolewa na Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, zaidi ya kilometa 800 kutoka Mbeya. Zina sehemu nne: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa mtu binafsi pamoja na wajibu kazini. Huongezewa kozi fupi ya ulinzi wa meli. Sehemu za majini na za moto huhuishwa kila baada ya miaka 5. Cheti cha afya ya baharia hakizidi miaka 2, na hutolewa na daktari aliyeidhinishwa. Barua ya hospitali yoyote haikubaliki. Vyeti na kitabu cha baharia viko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania.

Wengi wa huku hukwama bwawani. Mbeya na Iringa mabwawa ya kuogelea ni machache, na mtu anaweza kufika chuo kikuu bila kuzamisha kichwa majini. Anza miezi sita kabla. Jiwekee kipimo cha kuogelea mita 200 bila kusimama na kuelea dakika 10 ukiwa na nguo. Kwenye kozi utaruka kutoka juu ukiwa na jaketi: mkono mmoja hufunika pua na mdomo, wa pili hulivuta jaketi chini, macho mbele, miguu pamoja, unapiga hatua bila kurukaruka. Anayetazama chini huangukia kifua. Utapindua pia mashua ya mpira iliyogeuka: simama upande wa mtungi wa gesi, ukiwa umeelekea upepo unakotoka, shika mikanda, lala nyuma, upepo umalizie. Ukiigeuza kwa kushindana na upepo utachoka bure.

Matema na fukwe nyingine za Kyela zinafaa kwa mazoezi, kwa masharti mawili. Waulize wavuvi kabla ya kuingia, na ukae mbali na milango ya mito kwa sababu ya mamba. Kichocho pia kipo, kwa hiyo pima na unywe praziquantel kama wiki sita hadi nane baada ya kuogelea, maana dawa hiyo haiui vizuri minyoo michanga. Damu kwenye mkojo ikionekana siku ya kupimwa afya, cheti kitasubiri.

Pasipoti ni shilingi 150,000. Viza ya Schengen, ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima, bima iwe ya angalau euro 30,000, na maombi yafike siku 15 au zaidi kabla ya safari. Kwa kuwa utaomba Dar, weka nauli ya safari mbili. Barua ya mwaliko itaje jina la meli, bandari ya kupandia na tarehe za zamu. Barua inayosema tu "atajitolea" ndiyo inayorudishwa mara nyingi. Kwa meli za Afrika Magharibi beba kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano huhesabika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 hudumu maisha yote.

Bahari isipopatikana mwaka huu, maziwa yapo. Mei 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijazana Kagunga, kijiji cha Kigoma kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikaingia, na njia kubwa ya kuwatoa ikawa MV Liemba, meli ya abiria 600 iliyojengwa enzi za Mjerumani. Gati halikuwepo. Watu walipelekwa melini kwa boti ndogo, wakashuka Kigoma, wakapandishwa mabasi hadi kambi ya Nyarugusu. Kugawa watu kwa mafungu, kuhesabu mara mbili na kutanguliza wagonjwa ni kazi ileile ya Mediterania, tofauti ni kwamba humo Kiswahili kilitosha. Ziwa Victoria nako kuna meli ya tiba Jubilee Hope, inayozunguka visiwani. Muuguzi wa Rungwe aliyewahi kutibu watu kwenye chombo kinachoyumba ana cha kuandika kwenye maombi yake kuliko aliyesoma kozi tano za mtandaoni.

Kichefuchefu cha bahari kidharauliwe na asiyewahi kukipata. Dawa humezwa kabla chombo hakijaondoka, maana baadaye utaitapika. Kula vitu vikavu, tazama upeo wa macho, usishuke chumba cha injini, na usibaki na tumbo tupu. Wengi hupata nafuu siku ya tatu.

Kurudi nyumbani kuna mambo yake. Mashirika makini humpa mtu mazungumzo na mshauri kabla ya kushuka na tena wiki chache baadaye. La pili ndilo linalorukwa, kwa kuwa mtu yuko kwao na watu wanataka kusikia habari nzuri. Kukosa usingizi kukizidi mwezi, au ukajikuta unakwepa maji hata ya ndoo, nenda idara ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa, na umweleze daktari kazi uliyokuwa ukifanya.

Kabla ya kushuka ngazi ya meli, hakikisha nahodha amejaza na kugonga muhuri kwenye kitabu chako cha baharia: tarehe ya kupanda, tarehe ya kushuka, cheo na ukubwa wa meli. Muda huo wa bahari huhesabiwa unapoomba cheti cha juu, na kuudai ukiwa Uyole, meli ikiwa imebadilisha nahodha na pengine bendera, huchukua miezi.